Kilomita hazizeeshi mpira: jibu kwa mwenye Eunos Roadster ya 1992

Swali: Yaya, nimenunua Eunos Roadster ya 1992, yaani Mazda MX-5 ya soko la Japani, injini ya 1.6, iliyotoka Japani kupitia Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa. Dashibodi inaonyesha kilomita 78,000. Mpira wa juu wa radieta umevimba karibu na kibano, na asubuhi mkanda unalia. Hapa Lubumbashi mafundi wawili hawapatani. Mmoja anasema mkanda wa taimingi una kilomita 22,000 bado, mwingine anasema nisiwashe motokari kabisa mpaka ubadilishwe. Pesa ya kufanya vyote kwa mwezi mmoja sina. Nianze wapi?

Jibu: Mdogo wangu, tuanze na ugomvi wa mafundi wako, maana wote wawili wanatazama mahali pasipofaa.

Wa kwanza anasoma kilomita. Ni kweli kwamba mkanda wa taimingi (ule wa ndani, unaoendesha vali zifuate mwendo wa pistoni) wa injini hii, B6-ZE, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kutoa 78 katika 100 amejua. Lakini hesabu hiyo ni ya gari linalotembea kila siku na kufika huko ndani ya miaka michache. Lako lina zaidi ya miaka thelathini, na mpira hausomi dashibodi. Joto la injini, hewa na matone ya oili vinaula hata gari likiwa limelala chini ya mwembe. Tena gari la starehe kama hili mara nyingi lilitolewa Jumapili tu, kwa hiyo kilomita zake chache ndizo zinazodanganya.

Wa pili anaogopa jambo la kweli, ila ni la gari jingine. Kwenye B6-ZE ambayo haijachezewa ndani, mkanda wa taimingi ukikatika pistoni hazigongi vali. Injini inazima, unavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, unafunga mkanda mpya, basi. Ingekuwa Porsche 944 ningesimama upande wake bila kusita, maana pale mkanda ukikatika vali zinapinda na injini inafunguliwa. Kwako, kukatika kwa mkanda ni adha, hasa ukiwa katikati ya barabara ya Likasi na giza linaingia. Msiba ni mpira wa mafuta unaonyunyizia petroli juu ya injini yenye moto, au mpira wa breki uliooza ndani. Hiyo hakuna aliyekutajia, na hapo ndipo unapoanza.

Kabla ya kununua chochote, fungua boneti utafute karatasi ndogo iliyobandikwa juu ya kifuniko cha mkanda au pembeni mwa chumba cha injini. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi hubandika tarehe na kilomita. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu yao: herufi H na namba, ongeza 1988. H17 ni 2005. Ikiwa ni R, ongeza 2018. Ukikuta H17, mkanda huo nao umezeeka. Usipokuta karatasi, hesabu kwamba mkanda ni ule uliotoka nao kiwandani.

Mgawanyo wangu wa pesa yako ni huu. Mwezi wa kwanza: mipira ya mafuta, mipira ya breki na wa klachi, pamoja na ule mpira wa juu wa radieta uliovimba, kwa sababu hautakusubiri. Mwezi wa pili: mbele yote ya injini kwa mkupuo mmoja, yaani mipira ya maji iliyobaki, mikanda ya nje, mkanda wa taimingi na pampu ya maji. Huwezi kuufikia mkanda wa taimingi bila kuvua mikanda ya nje, na pampu ya maji imejificha nyuma ya vifuniko vyake. Anayegawa kazi hiyo mara tatu anamlipa fundi mara tatu kufungua bolti zilezile na kumwaga maji yaleyale.

Mipira ya mafuta

Injini hii inapuliziwa petroli kwa shinikizo la bar 2 hadi 3, si kama kabureta ambayo mafuta yanateremka taratibu. Kwa hiyo mpira mweusi wowote wa dukani haufai. Ubavuni pawe pameandikwa SAE J30R9 au kwamba ni wa injini ya kupuliza. Ule wa J30R7 ni wa kabureta. Mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ambao mafundi wa pikipiki wanaupenda, usiulete kabisa karibu na injini hii. Silikoni nayo, hata iwe na rangi nzuri namna gani, petroli inapita ndani yake polepole. Iache kwa kazi za maji na hewa.

Nenda dukani na kipande cha zamani upime kipenyo cha ndani, usikisie. Mita moja ya mpira inatosha kwa chumba cha injini, mahali ambapo mafuta yanaingia na kurudi kwenye reli ya sindano. Chungulia na nyuma chini ya gari kwenye chujio la petroli, maana pale kuna mipira miwili ambayo kila mtu anaisahau kwa kuwa haionekani. Kipande kilicho ndani ya tangi ni habari nyingine: kinaogelea ndani ya petroli, na J30R9 ikizamishwa hulainika ngozi ya nje. Humo unahitaji J30R10.

Vibano viwe vile vya mafuta, vyenye ukanda laini usio na matundu. Kibano cha kawaida chenye meno hukata ngozi ya mpira mwembamba, na uvujaji unaanza miezi michache baadaye, ukiwa umeshasahau.

Kutoa shinikizo: washa injini, chomoa soketi ya relei ya pampu ya mafuta chini ya dashibodi, uiache izime yenyewe. Kisha toa waya hasi wa betri. Betri ya gari hili iko kwenye buti, usiitafute mbele. Funika kiungo kwa kitambaa unapochomoa, injini iwe imepoa, kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono, na mvuta sigara aende mtaa wa pili.

Ukimaliza, usiwashe injini ili kuona kama panavuja. Kwenye 1.6 hii pampu haifanyi kazi kwa kufungua swichi tu. Inasubiri kibao cha kipima hewa kisukumwe na hewa inayoingia. Rudisha betri, fungua kisanduku kidogo cha majaribio kwenye chumba cha injini, unganisha matundu yaliyoandikwa F/P na GND kwa kipande cha waya, halafu fungua swichi. Pampu italia na shinikizo litapanda injini ikiwa kimya na baridi. Pitisha kidole kila kiungo. Kikibaki kikavu kwa dakika tano, toa waya.

Breki na klachi

Magurudumu manne, mipira minne, na mmoja wa tano mfupi kwenye silinda ya klachi ubavuni mwa gia boksi. Mpira wa breki mara nyingi huharibika ndani huku nje ukimetameta. Ngozi ya ndani ikivimba au kuchanika inakuwa kama mlango wa upande mmoja: mguu unasukuma oili iende, lakini oili hairudi. Gurudumu linabaki limeshikwa, gari linavuta upande, rimu inachemka, na fundi anamlaumu kaliperi. Ukikuta gurudumu moja lina joto kuliko wenzake, mshuku mpira kabla hujanunua kaliperi.

Hapa kuna mtego wa mji wetu. Huu ni mji wa migodi, na karakana zinazotengeneza mipira ya haidroliki ya mashine kubwa hazikosekani. Kwa mpira wa shinikizo wa pawa stelingi, zinafaa sana: peleka wa zamani, wakubanie mwingine wenye waya ndani na viungo vilevile, maana oili yake ni ya ukoo mmoja na ile wanayoifanyia kazi. Kwa breki, kataa. Mpira wao umetengenezwa kwa oili ya madini, na oili ya breki ni kitu tofauti kabisa: inaulainisha na kuuvimbisha kutoka ndani. Utapata kanyagio zuri la breki wiki ya kwanza, halafu mabaki ya mpira uliooza yanaanza kusafiri kwenda silinda kuu.

Nati za mabomba ya chuma ni namba 10, na baada ya miaka hii yote zimeshikana na kutu. Tumia spana ya mabomba, ile inayokumbatia nati karibu yote, na upake mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Spana ya kawaida ya mdomo wazi inalamba pembe, na hapo umejitafutia kazi ya kutengeneza bomba zima. Kwenye kaliperi, kila bolti yenye tundu inavaa washa mbili za shaba, weka mpya. Mpira ukishafungwa, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, uone kwamba haujisokoti wala haugusi gurudumu. Jaza oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, toa hewa ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, malizia na klachi. Oili ikidondokea rangi ya gari, mwagia maji mara moja.

Mipira ya maji, au durite kama wanavyosema gereji

Kuikagua ni kazi ya mkono na ya asubuhi, injini ikiwa baridi. Bana mpira kwa vidole viwili karibu na kibano, siyo katikati. Mipira ya maji huoza kuanzia ndani, kwenye sentimita chache za mwisho, pale inapogusana na chuma. Ukisikia ndani kuna mifereji, au pale mwishoni ni laini kuliko katikati, umekwisha hata kama nje ni mpya. Mpira mgumu kama plastiki utapasuka. Mpira unaobonyea kama embe lililoiva kupita kiasi umekunywa oili.

Na kwenye gari hili oili inatoka mahali panapojulikana. Nyuma ya kichwa cha injini, mwisho wa kamshafti, kuna sensa ya mzunguko, CAS, inayozibwa na pete moja ya mpira. Pete hiyo ikikauka, oili inatonea moja kwa moja kwenye mipira miwili ya hita iliyo chini yake karibu na ukuta. Mipira ya maji ni ya EPDM, aina ya mpira inayovumilia moto na kulanti (dawa ya maji ya radieta) vizuri lakini haipatani na oili hata kidogo. Ukibadilisha mipira ya hita bila kubadilisha pete, umenunua mipira ya muda. Kabla ya kuchomoa sensa, kwaruza alama inayovuka sensa na kichwa cha injini ili uirudishe palepale. Bolti yake ni namba 12. Ukikosa alama, wakati wa cheche umepotea, na itabidi uutafute kwa taa ya taimingi: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, TEN na GND zikiwa zimeunganishwa kwenye kile kisanduku cha majaribio.

Hesabu mipira yako: wa juu na wa chini wa radieta, miwili ya hita, ile midogo inayopeleka maji kwenye kifaa cha kuingizia hewa, na kama injini yako ina kipozea oili kwenye chujio, ile yake miwili pia. Midogo ndiyo inayoachwa, kwa kuwa imefichwa chini ya mfumo wa hewa, na ndiyo inayokuja kukuangusha. Ya hita ni ya kipenyo cha milimita 16, na mpira mnyoofu wa hita unaweza kufaa ikiwa kona ni pana. Ya radieta imefinyangwa kwa umbo lake. Mpira mnyoofu ukilazimishwa kwenye kona hujikunja kiunoni na kuziba maji, hasa injini ikizunguka kasi. Ukikosa ule halisi, tembea na wa zamani begani duka hadi duka mpaka upate wa gari jingine wenye kona zilezile ambao unaweza kuukata urefu. Ubandike juu ya ule wa zamani ulinganishe. Macho peke yake yanadanganya.

Kuuvua mpira ulioshikana, usiuvute wala kuupekecha kwa bisibisi. Matangi ya radieta ni ya plastiki, na mabomba ya hita ni membamba kama karatasi. Upasue kwa kisu kwa urefu, uumenye. Mpira ni bei ndogo. Hita ikivunjika, dashibodi yote inatoka. Safisha shingo kwa msasa laini wenye maji, vaa mpira mpya ukiwa umeupaka maji ya sabuni kidogo au kulanti. Usipake grisi. Kibano kikae nyuma ya tuta la shingo, milimita tatu hivi kutoka mwisho wa mpira. Vibano vya springi vilivyotoka kiwandani, kama bado vinabana, ni bora kuliko vya skrubu, kwa sababu vinafuata mpira unapopanuka na kusinyaa. Ukitumia vya skrubu, vikaze tena kesho yake injini ikiwa baridi. Waya wa kufungia na vipande vya tyubu ya baiskeli viache kwa dharura za njiani.

Sasa suala la maji yenyewe. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi, na maji ya wazi hapa huchemka karibu nyuzi 96, siyo 100. Mfuniko wa radieta ndio unaookoa: ukishika shinikizo la bar 0.9, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 116. Mfuniko uliochoka unakurudisha kwenye 96, wakati themostati yenyewe inafunguka karibu 88. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana kwa foleni ya saa saba mchana mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mfuniko mpya ni sehemu ya kazi hii, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Utamsikia mtu akikushauri utoe themostati kabisa "ili ipoe vizuri". Usikubali. Injini inayokimbia baridi inanyweshwa petroli zaidi na kompyuta yake, oili inabaki nzito, na silinda zinakwanguka kabla ya wakati. Weka mpya, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kielekee juu ili hewa ipite.

Mfumo unabeba lita 6. Changanya lita 3 za kulanti na 3 za maji yaliyosafishwa. Najua hatuna barafu hapa, lakini kulanti siyo ya barafu tu: injini hii ina bloku ya chuma na kichwa cha alumini, na maji matupu kati ya metali hizo mbili yanazaa kutu. Maji ya kisima yenye chokaa nayo yanajenga ganda ndani ya radieta kama lile la birika la chai. Ukinunua "maji ya betri", soma chupa vizuri, maana kuna maduka yanayouza asidi kwa jina hilohilo.

Wakati wa kujaza, inua pua ya gari, weka hita kwenye moto wa mwisho, mimina polepole huku ukiminya mpira wa juu ili hewa itoke. Washa bila mfuniko, ongeza maji yakishuka, funga mfuniko feni ikishaanza kuzunguka na mapovu yakiisha. Hita ikipuliza baridi injini ikiwa moto, hewa imebaki ndani, na usiondoke nyumbani.

Mikanda ya nje

Kelele ya asubuhi inatoka hapa. Mkanda mmoja unazungusha altaneta na pampu ya maji, mwingine pawa stelingi na kipoza hewa. Tazama upande wenye mifereji: nyufa nyingi zilizokaribiana, vipande vilivyong'oka, au mng'ao kama kioo, vyote vinasema badilisha. Vumbi letu jekundu la kiangazi linafanya kazi ya msasa kati ya mkanda na puli, kwa hiyo safisha puli kwa brashi kavu kabla ya kuvika mkanda mpya. Sabuni au dawa ya kupuliza inanyamazisha kelele siku mbili tu, kisha inakusanya vumbi zaidi.

Kusoma mkanda ni rahisi. Mkanda ulioandikwa 4PK900, kwa mfano, una mifereji minne na urefu wa milimita 900. Andika namba ya wako kabla haujafutika. Kukaza: bonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, kwa nguvu ya kilo 10 hivi, mkanda mpya ushuke milimita 8 hadi 9, uliokwisha tumika 9 hadi 10. Wengi wanakaza kama uzi wa gitaa, halafu bearing ya pampu ya maji inalia baada ya miezi sita. Pima tena baada ya kilomita 500, mkanda mpya hulegea.

Mkanda wa taimingi

Nunua kwa pamoja: mkanda, puli ya kukaza na springi yake, puli ya kuongozea, pampu ya maji na gasketi, sili mbili za kamshafti na moja ya mbele ya krenkshafti, gasketi ya kifuniko cha vali. Wauzaji watakupa mkanda wa Mazda 323 kwa sababu ina injini ya B6 pia. Ile yenye kamshafti moja ina mkanda mfupi zaidi, haufai. Linganisha idadi ya meno na wa zamani kabla ya kulipa, na kagua mkanda wenyewe: uliokaa miaka dirishani pa duka unakuwa na mikunjo ya kudumu na mgongo uliopauka.

Baada ya kumwaga maji, vua bomba la hewa linalovuka mbele ya injini, na radieta pia ukitaka nafasi ya mikono. Legeza bolti za puli ya pampu ya maji wakati mkanda wake bado umekaza. Ukishauvua, puli itakuwa inazunguka nawe. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, vua kifuniko cha vali na vifuniko vya mkanda.

Zungusha krenkshafti kwa mwelekeo wa saa tu. Simamisha pale ambapo herufi I ya puli ya kamshafti ya kuingiza na herufi E ya ile ya kutolea zimetazama juu, kila moja kwenye alama yake ya bamba la nyuma, na alama ya puli ndogo ya chini iko juu. Piga picha. Tia alama kwa rangi nyeupe kwenye mkanda wa zamani na puli zote tatu.

Puli kubwa ya chini inashikwa na bolti nne ndogo, na katikati kuna bolti kubwa ya namba 21. Kabla ya kuigusa, hesabu mianya iliyo mbele ya puli. Minne ni krenkshafti ya pua fupi, ya magari ya mwanzo, ambayo kipande kidogo cha chuma kinachoishikisha puli kwenye shafti hulika na puli kuyumba. Minane ni pua ndefu, imara. Ya 1992 inatakiwa iwe minane, lakini injini hubadilishwa, kwa hiyo hesabu. Kuifungua, weka gia ya tano, mtu akanyage breki kwa nguvu, uvute kwa spana ndefu. Kurudisha, pua ndefu inakazwa Nm 157 hadi 167 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza bolti), pua fupi 108 hadi 118 bila kuzidi. Usikaze kwa makisio ya mkono hapa.

Legeza bolti ya puli ya kukaza, isukume mbali na mkanda, ifunge kwa muda, toa mkanda. Badilisha sili, ukizingatia usikwaruze shafti kwa bisibisi. Mkwaruzo mdogo ni uvujaji wa kudumu. Badilisha pampu, uso wake uwe msafi bila mabaki ya gasketi, bolti Nm 19 hadi 25. Usiukunje mkanda mpya wala kuushika kwa mikono yenye oili.

Kuvika: anza chini, panda upande usio na puli ya kukaza ukiwa umenyooka, zungukia kamshafti mbili, malizia kwenye puli ya kukaza. Kati ya alama ya I na alama ya E pawe na meno 19 ya mkanda. Hesabu mara mbili, kisha mwambie mtu mwingine ahesabu bila kumwambia jibu. Achia springi. Zungusha krenkshafti mizunguko 1 na 5/6 kwa saa, mpaka alama ya chini ifike kwenye alama ya kukazia; legeza bolti ya puli ya kukaza uiache springi ivute yenyewe bila kuisaidia, kisha kaza Nm 38 hadi 51. Zungusha tena 2 na 1/6. Jumla ni mizunguko minne kamili, na alama zote zirudi mahali pake. Bonyeza mkanda kati ya kamshafti mbili kwa kilo 10: ushuke milimita 9 hadi 11.5.

Makosa ya hapa ni yaleyale kila mara. Jino moja likikosewa, injini inawaka lakini haina nguvu na inatetemeka ikiwa imesimama. Mkanda ukikazwa mno, unalia kama filimbi ukipanda mzunguko. Na bolti za kifuniko cha vali hukatwa na wenye mikono mizito: zinahitaji Nm 5 hadi 9 tu, kukaza kwa vidole vya mkono mmoja.

Mipira ya vakyumu, ile inayobeba mvuto wa hewa wa injini, iache mwisho. Ni ya bei ndogo na haikuachi njiani. Badilisha mmoja mmoja, usivue yote kwa mara moja ukasahau ulipotoka. Ule mnene wa breki una vali ndani yake, na mshale wake unaelekea injini. Ukigeuzwa, kanyagio linakuwa gumu kama jiwe.

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka mjini nusu saa, karibu na nyumbani. Rudi, acha ipoe usiku kucha, asubuhi fungua mfuniko uongeze maji yaliyopungua, kaza vibano, tazama sakafu. Kisha chukua kipande cha plasta, andika tarehe na kilomita, ubandike palepale kwenye kifuniko cha mkanda ulipotafuta karatasi ya Wajapani.